Mwanangu wa miaka minne amekataa kumshika mwenzake mkono. Watoto wadogo wanabagua kweli, au ni sisi wakubwa tunaoona hivyo?

#1 BiAsubuhi (mtoa mada)

Wakuu, naombeni mnivumilie, uzi huu utakuwa mrefu kidogo. Jambo lenyewe limenikaa rohoni wiki nzima.

Nilimfuata mwanangu chekechea nikawakuta wanacheza mchezo wa mduara, ule wa kushikana mikono na kuimba. Mwanangu ana miaka minne na miezi michache. Kushoto kwake alisimama binti mwenye baka la kuzaliwa, jekundu, linaloanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mwalimu aliposema "haya, shikaneni", mwanangu akarudisha mkono nyuma na kusema kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia: "Huyu simshiki, mkono wake mbaya."

Nilichofanya mimi baada ya hapo ndicho kilichonileta hapa. Nilikurupuka, nikamvuta mwanangu pembeni: "Shii! Nyamaza! Tabia gani hiyo?" Mama wa yule binti alikuwa amesimama mlangoni. Nikampa tabasamu la haraka la kuomba radhi, lisilo na neno ndani yake, nikachukua mkoba tukaondoka. Yule binti nilimwona kwa pembe ya jicho tu. Alikuwa ameurudisha mkono wake ndani ya sweta mpaka vidole vikapotea.

Usiku ndipo nilipogundua kwamba maneno yangu yote yalikwenda kwa mwanangu. Yule aliyeumia sikumwambia chochote.

Nikaanza kusoma, maana nilitaka mtu aniambie kwamba mtoto wa umri ule hajui anachokifanya. Nilichokikuta hakikunipa faraja niliyoitafuta, ila kimenifungua macho.

Mwaka 2005 mtafiti David Kelly na wenzake nchini Uingereza waliwaonyesha watoto wachanga picha za nyuso za watu wa rangi mbalimbali. Watoto waliozaliwa siku chache tu hawakupendelea uso wowote. Waliofikisha miezi mitatu walizitazama kwa muda mrefu zaidi nyuso zinazofanana na za watu wanaowalea. Mwaka uliofuata Yair Bar-Haim na wenzake wakaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: watoto wa asili ya Ethiopia waliokuwa wakikulia Israeli kwenye vituo vya kupokelea wahamiaji, mahali ambapo kila siku waliona watu weusi na weupe, hawakupendelea upande wowote. Yaani jicho la mtoto linazoea kile linachokutana nacho.

Lakini kutazama uso si kumkataa mwenye uso. Hilo la kukataa huja baadaye, na halichelewi sana. Kenneth na Mamie Clark, mke na mume, wanasaikolojia Wamarekani weusi, waliwapa watoto weusi 253 wenye umri wa miaka mitatu hadi saba wanasesere wa aina mbili, weusi na weupe, wakawauliza wangependa kucheza na yupi, yupi mzuri, yupi mbaya. Theluthi mbili hivi walichagua kucheza na mweupe. Matokeo yale yalichapishwa mwaka 1947, na utafiti wao ukatajwa kwenye uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1954 uliopinga shule za kutenganisha watoto kwa rangi. Mnaona uzito wake? Wale walikuwa watoto weusi wenyewe. Walikuwa wameshasoma, kabla ya kujua kusoma, nani anathaminiwa na nani hathaminiwi, na wakajiweka upande wa wasiothaminiwa.

Kuna na hii. Mwaka 2011 watafiti Tobias Raabe na Andreas Beelmann walikusanya tafiti 113 kutoka sehemu mbalimbali na kuzipima pamoja. Picha waliyoipata ni kwamba ubaguzi wa watoto huongezeka kati ya miaka miwili na minne hadi kufikia mitano na saba, kisha hupungua kidogo kuelekea minane na kumi. Mwanangu anaelekea mlimani, sio kwamba anashuka.

Nimelifikiria pia neno lenyewe. Kubagua ni kutenga vitu kwa aina zake. Mtoto anayeweka vifuniko vyekundu huku na vya buluu kule anabagua, na sisi tunampigia makofi. Akili ileile, siku moja, inahamia kwa watu. Makofi yanageuka "shii".

Kwa hiyo msimamo wangu, na niko tayari kukosolewa: ndiyo, watoto wadogo wanaweza kubagua. Si kwa sababu wana roho mbaya. Na kitu kibaya kuliko vyote tunachoweza kufanya ni kile nilichofanya mimi, kunyamazisha na kuondoka. Mwanangu amejifunza kwamba mkono ule ni kitu kibaya kiasi kwamba hata mama hataki utajwe.

Wenye uzoefu, mngefanyaje? Nataka maneno hasa ya kusema, sio "mfundishe upendo".

#2 Nahodha_Mstaafu

Mtoa mada, pole sana, lakini sikubaliani nawe.

Ubaguzi unahitaji nia. Mtu anajua kwamba huyu ni binadamu kama yeye na bado anamdharau. Mtoto wa miaka minne anaogopa giza, anaogopa mbwa, anaogopa sauti ya radi, na siku hiyo ameogopa mkono ambao haujafanana na mikono anayoijua. Huo ni woga. Ukimpachika mtoto jina la mbaguzi angali mdogo namna hiyo, unamtwika mzigo wa watu wazima. Nimelea wanne. Wote wamewahi kusema maneno ya kufedhehesha mbele za watu, na wote wamekua watu wema bila ya mimi kusoma utafiti wowote.

Tuwaache watoto wawe watoto. Watayaona wenyewe wakikua.

#3 Mwalimu_wa_Awali

Nahodha, shikamoo. Nimefundisha madarasa ya awali miaka 19, naomba nikujibu kwa heshima.

Kuhusu nia, uko sawa. Sijawahi kukutana na mtoto wa miaka minne aliyepanga kumdharau mwenzake. Lakini mtoto anayekataliwa hapimi nia ya mwenzake. Yeye anahesabu mikono. Jumatatu hakushikwa, Jumanne hakushikwa, Jumatano anaanza kusimama pembeni mwenyewe kabla mchezo haujaanza. Mwaka huohuo anaweza kuwa amejifunza nafasi yake. Ukisema tusubiri wakue, unamwambia huyu naye asubiri, na yeye hana pa kusubiria.

Kingine, watoto hawakui tu wakaachana na hayo, maana mambo mengine wanayapata kwetu. Na hapa nitakiri la kwangu. Kwa miaka mingi nilikuwa naanza kila asubuhi hivi: "Habari zenu wavulana na wasichana! Wavulana mstari huu, wasichana mstari ule. Tuone nani watanyamaza kwanza." Niliona ni utaratibu tu wa kupanga darasa.

Kisha nikasoma majaribio ya Rebecca Bigler wa Marekani. Aliwavisha watoto fulana za rangi mbili, bila sababu yoyote. Kwenye baadhi ya madarasa walimu walizitumia zile rangi kila siku: bluu kaeni hapa, njano pangeni foleni. Kwenye mengine watoto walivaa fulana zilezile lakini mwalimu hakuzitaja. Mwaka 2006 yeye na Meagan Patterson walifanya hivyo kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Pale ambapo mwalimu alizitumia rangi kuwapanga na kuwaita, watoto walizidi kupendelea kundi lao. Hakuna mwalimu aliyesema kundi hili bora kuliko lile. Ilitosha kwamba mtu mzima ameonyesha kuwa mgawanyo huo una maana.

Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mimi nilikuwa navisha watoto fulana kila asubuhi.

Siku hizi nawaita "watoto", au "wanafunzi wangu". Mistari napanga kwa mwezi wa kuzaliwa, au kwa herufi ya kwanza ya jina, nabadilisha kila wiki ili kundi lisiote mizizi. Haikuondoa kila kitu, lakini ule msemo wa "huu mchezo wa wasichana" umepungua mno darasani kwangu.

#4 Natoa_Macho

Nimeweka kambi hapa. Wa kwangu ana miaka mitatu na jana tu kaniuliza kwa sauti kwa nini bibi mmoja ana ndevu. Endeleeni.

#5 Mama_wa_Upande_wa_Pili

Nimesita kuandika. Mimi ndiye yule mama wa mlangoni. Si yule wa mtoa mada, mwingine, lakini tuko wengi milangoni.

Mwanangu ana miaka mitano, anatumia kiti mwendo. Nataka niwaambie wazazi mnavyoonekana kwa upande huu.

Mtoto wenu anasimama, anatazama, anauliza: "Kwa nini hatembei?" Hilo si tusi. Mwanangu amelizoea na ana jibu lake, anasema "miguu yangu haina nguvu, ila nikishuka mteremko hunikamati." Wakiachwa, baada ya hapo wanaulizana magurudumu yanazungukaje na mazungumzo yanahamia kwenye michezo. Kinachotuumiza ni ule mkono wa mzazi unaokuja kutoka juu na kumvuta mtoto katikati ya swali. Mwanangu hubaki na mdomo wazi, jibu likiwa tayari. Safari moja aliniuliza: "Mama, kwani mimi ni siri?"

Kwa hiyo naomba tutofautishe. Swali ni swali, lijibiwe. Woga ni woga, utulizwe. "Simtaki kwa sababu yuko hivi" ni kukataliwa, hata kama msemaji ana miaka mitatu, na hapo mtu mzima asimame na aseme kitu, na aseme mwanangu akiwa anasikia. Nahodha, nakuheshimu, lakini maneno ya "ni watoto tu" nimeyasikia mara nyingi, na kila mara huwa yanaambiwa mimi, ili ninyamaze.

Jambo moja la lugha yetu, kwa kuwa mtoa mada kaligusa. Angalieni majina: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Tumewaweka watu pamoja na kiti na kikombe. Mtoto akisikia "yule kiwete" hajafundishwa kwamba kuna mtu ambaye miguu yake haitembei. Amefundishwa kwamba kuna aina ya kitu. Nyumbani tunasema jina la mtu kwanza, kisha kama kuna haja ndiyo tunasema hali yake.

#6 Lafudhi_Yangu

Mama wa Upande wa Pili, asante kwa kusema.

Mimi sina baka wala kiti. Nilihamia shule mpya nikiwa na miaka sita nikiongea kwa lafudhi ya nyumbani kwetu. Hawakunipiga wala kunitukana. Walikuwa wananiomba niseme neno fulani, nikilisema wanacheka, kisha wanaliomba tena. Mwalimu naye alicheka, nadhani aliona ni utani wa watoto. Nilikaa karibu mwaka mzima nikijibu kwa kutikisa kichwa. Leo ni mtu mzima, na nikipiga simu ya kikazi bado nalikwepa neno lile.

Nimekuja kujua baadaye kwamba sikio hutangulia sana kubagua. Katherine Kinzler na wenzake, mwaka 2007, waliwaonyesha watoto wa miezi kumi wa Marekani na Ufaransa video za watu wawili wanaowapa mwanasesere, mmoja ameongea Kiingereza na mwingine Kifaransa. Watoto walipendelea kuchukua kwa yule aliyeongea lugha ya kwao. Miaka miwili baadaye wakawajaribu watoto weupe wa miaka mitano. Picha zikiwa kimya, walichagua rafiki wa rangi yao. Sauti zilipowekwa, walimchagua mtoto mweusi anayeongea kama wao wakamwacha mweupe mwenye lafudhi ya kigeni.

Na bado hatuhesabu kuiga lafudhi ya mtu kuwa ni kitu. Mzazi ambaye hawezi kamwe kucheka rangi ya mtu mbele ya mwanawe anaiga lafudhi ya jirani sebuleni, na watoto wanagaragara kwa kicheko.

#7 Baba_Watatu

Kwani hakuna njia ya kuwaonjesha machungu yenyewe? Kuna yule mwalimu wa Iowa, Marekani, Jane Elliott, mwaka 1968, siku moja baada ya Martin Luther King, mpigania haki za weusi, kuuawa, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho. Kundi moja likapewa upendeleo, baadaye wakabadilishana. Naona lile lilikuwa somo kamili.

#8 Mwalimu_wa_Awali

Baba Watatu, hapana, tafadhali usijaribu nyumbani. Wale walikuwa na miaka minane hivi, na hata kwao zoezi lile linabishaniwa mpaka leo kwa jinsi lilivyowaliza. Mtoto wa miaka minne ukimwambia leo wewe ni duni, hatatoa funzo kuhusu haki. Atakuamini.

#9 Nahodha_Mstaafu

Nimesoma yote mara mbili. Marahaba mwalimu.

Mama wa Upande wa Pili, swali la mwanao, "kwani mimi ni siri", limenikaa. Nakubali kwamba nilikuwa namtetea mtoto mmoja nikamsahau wa pili. Hapo nilikosea.

Ila woga wangu mmoja bado uko palepale. Nimeona wazazi wanaomshambulia mtoto kwa hotuba ndefu, "wewe ni mbaguzi, umenitia aibu", na mtoto anachojifunza ni kuficha. Anakuwa mstadi wa kutosema huku moyoni hakujabadilika kitu. Mtoa mada, kwa vyovyote vile usimpige wala usimwaibishe. Na hebu tuambie, yeye mwenyewe umemuuliza kwa nini?

#10 BiAsubuhi (mtoa mada)

Nahodha, swali lako lilinikuta nimekaa kitandani kwake, na ndilo nililokuwa sijamuuliza. Wiki nzima nilikuwa nimemhukumu bila kumsikiliza.

Nikamuuliza taratibu: "Siku ile ya mduara, ulisema mkono wa mwenzako mbaya. Mbaya vipi?" Akaniambia, kama kitu kilicho wazi kabisa: "Unaunguza. Mwekundu."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Tangu anatambaa nimekuwa nikimwonyesha jiko: hii nyekundu, moto, mbaya, usiguse.

Nilikaribia kulia kwa ahueni. Nikasema basi, Nahodha alikuwa sahihi, ni woga tu. Nikamweleza kwamba mwenzake alizaliwa na rangi ile, ni ngozi, haiunguzi, haiumi, haimpati mtu mwingine. Akaitikia. Kisha, wakati nazima taa, akaongeza: "Hata wenzangu hawamshiki. Yeye si wa kwetu."

Nikasimama na mkono ukutani. Woga niliweza kuueleza kwa sentensi mbili. Hili la "si wa kwetu" ni kitu kingine, na limeshakuwa la kundi.

Nimejiuliza kundi limelitoa wapi. Kuna jaribio la Allison Skinner na wenzake la mwaka 2017. Watoto wa miaka minne na mitano walitazama video ambamo mtu mmoja anaongeleshwa kwa uso mkunjufu na mwingine kwa uso wa kukunja, mwili umerudi nyuma, sauti baridi. Maneno yalikuwa yaleyale. Watoto wengi walimpendelea yule aliyetendewa vizuri. Wahenga walishasema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha mamaye. Basi nikajitazama kisogo changu. Tangu muhula uanze nimewasalimia watoto wa darasa lile kwa majina, nawapa mkono, nawagusa vichwa. Yule binti nilikuwa namwangalia haraka na kuhamisha macho, nikidhani ndiyo adabu, kutomkodolea. Kumbe mwanangu alikuwa pembeni yangu kila siku akiona mama anasalimia wote isipokuwa mmoja. Na sidhani niko peke yangu pale mlangoni.

Mwalimu, sasa nisaidie maneno. Likitokea tena palepale, mbele za watu, nasemaje?

#11 Mwalimu_wa_Awali

Dada, kwanza umefanya vizuri kuuliza "mbaya vipi". Swali hilo linyooshee kila mara, kwa sauti ya kawaida. Nusu ya majibu usingeweza kuyabuni mwenyewe.

Palepale, mimi huanza na aliyeumizwa. Nashuka chini, namtazama yeye: "Nimesikia maneno yale. Hayakuwa sawa. Mkono wako hauna ubaya wowote, na nafasi yako kwenye mduara ni hii." Maneno machache, na bila sauti ya kumwonea huruma, maana huruma ya mbele za watu nayo inamfanya awe tofauti. Baada ya hapo namgeukia msemaji: "Hapa hatumkatazi mtu kucheza kwa sababu ya mwili wake. Kama unaogopa, niambie unaogopa nini." Basi. Hotuba siweki. Mengine tunaongea baadaye, pembeni, akiwa ametulia.

Simlazimishi kushika mkono. Huwa nasimama mimi katikati yao, mkono mmoja kwa huyu na mwingine kwa yule, na mchezo unaendelea. Watoto wote wanauona mkono wangu ulipo.

Kwa hilo la "si wa kwetu", maneno hayatoshi, inabidi kundi livunjwe kwa kazi. Elliot Aronson alilifanyia kazi hili mwaka 1971 kwenye shule za Austin, Texas, zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali na ugomvi ukazuka. Aliligawa somo vipande, kila mwanafunzi akapewa kipande chake, na hakuna anayeweza kulimaliza bila ya wenzake. Wale walikuwa wakubwa, lakini hata wadogo unaweza: wawili wanajenga mnara mmoja, huyu ana matofali, yule ana vifuniko. Ongea na mwalimu wake awaweke pamoja kwenye kazi ya namna hiyo, tena mara nyingi, sio siku moja ya maonyesho.

Na chunga sentensi za jumla, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tukiwa na nia nzuri. Mwaka 2012 Marjorie Rhodes na wenzake walibuni watu wasiokuwepo, wakawapa jina, wakawasomea watoto wa miaka minne kitabu chao. Watoto waliosomewa "watu hawa wanaogopa wadudu" waliamini kwamba hao ni watu wa aina yao ya kuzaliwa nayo, kuliko waliosomewa "huyu anaogopa wadudu". Kiini ni namna ya sentensi. Ndiyo maana hata sifa sizipendi zikiwa za jumla: wasichana ni wapole, watu wa namna ile ni hodari kwa muziki. Mtoto anachukua kwanza kwamba kuna aina za watu, halafu sifa anajaza mwenyewe, na siku nyingine hujaza mbaya. Mwambie huyu ni mpole, yule anaimba vizuri. Mtu mmoja mmoja.

Hotuba za "sisi sote ni sawa" kwa umri huu sizitumii sana. Mtoto anaona kabisa kwamba hatufanani, na ukimwambia tunafanana anaacha kukuuliza.

#12 Mama_wa_Upande_wa_Pili

Mwalimu umesema vizuri. Naongeza tahadhari moja kwa mtoa mada: usiende kumpangia yule binti awe rafiki wa mwanao. Watu wakishajisikia vibaya huja na mialiko. Mwanangu amewahi kualikwa na familia ambayo haikujua hata anapenda nini. Muombe radhi, kisha mwache achague.

#13 Natoa_Macho

Nimeandika maneno ya mwalimu kwenye simu yangu. Na nimerudi kumjibu mwanangu lile swali la ndevu.

#14 BiAsubuhi (mtoa mada)

Mrejesho, wakuu.

Leo asubuhi nimewahi. Nimemkuta mama wa yule binti getini, nikamwambia: siku ile mwanangu alimkataa binti yako, mimi nikamvuta nikaondoka bila kumwambia binti yako neno, na nimekosa. Hakunikumbatia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aliyeambiwa ni yeye. Mwambie yeye."

Nikachuchumaa. Nikamsalimia kwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, nikamwambia kama mwalimu alivyoelekeza, kwa maneno machache. Aliniangalia kwa makini kisha akauliza: "Na yeye yuko wapi?" Mwanangu alikuwa nyuma ya mguu wangu. Akatoka kidogo. Sikuwa nimempanga aseme chochote. Akauliza, "Ukiguswa inauma?"

Nikahisi mkono wangu unataka kumvuta. Nikauzuia.

Binti akasema, "Haiumi." Akafikiri kidogo. "Ila usiguse."

Mwanangu akasema sawa. Wakaingia ndani, yeye mbele, mwanangu nyuma, hawakushikana mikono. Sweta lake lilikuwa bado limevutwa mpaka kwenye vidole. Mwalimu wao amekubali kuwaweka kwenye kazi moja kuanzia wiki ijayo, wao na wengine wawili. Na mimi nimeanza leo kuwasalimia wote, mmoja mmoja, pale mlangoni.